Mahali Rangi Zinapokutana

Glovu za sufi zilizolowa, zikiwekwa juu ya redieta ya kupashia nyumba joto zikauke, hunuka kondoo aliyenyeshewa mvua. Wengi harufu hiyo huifungulia dirisha. Mimi huifuata. Msimu huu wa baridi ilinikuta kwenye ukumbi wa nyumba ya Baba, Hounslow, London, baada ya wanangu kuingia kutoka bustanini na kuzitupa glovu zao pale pale ambapo mimi na kaka yangu Nassor tulikuwa tukizitupa zetu. Nilikuwa nimeshika sahani ya wali na mchuzi wa samaki, nampelekea Baba juu. Nikasita chini ya ngazi, nikaivuta ile harufu mpaka mwisho wa pumzi, na mlima mzima ukanirudia.

Tangu Mama atangulie mbele ya haki, Baba amekuwa mtu wa chumbani. Magoti yanamsumbua, lakini si magoti tu. Ngazi zimemtia hofu. Aliwahi kuteleza kidogo, hakuumia, ila siku ile moyo wake ulikata shauri kwamba kushuka basi. Kwa hiyo sisi tunakula chini na yeye anakula juu, na kiti chake cha mezani wajukuu wamekigeuza pa kutupia makoti. Linaniuma jambo hilo, na kwa miezi sikujua la kulifanyia.

Ajabu ni kwamba mimi ndiye watu wanayemuuliza namna ya kushuka. Sisemi kwa kujisifu. Nasema kwa sababu ni kweli. Msimu wa skii, wa kuteleza kwenye theluji kwa mbao miguuni, ukikaribia simu yangu haitulii. Shoga yangu Mkenya wa Ilford, nesi, ana mume anayedai anaweza kila kitu: huyo nampeleka kwenye njia ya kijani, nyepesi kuliko zote, akapunguze maneno. Mama mwenye watoto wawili wepesi na mmoja mwoga, wale wakubwa nawapangia buluu, na mdogo nampa uwanja wa wanaoanza, wenye mkanda wa kumpandisha taratibu. Lakini kabla sijasema lolote la hoteli wala nguo, huwa namuuliza mtu swali moja: njia za mlima huo zinaishia wapi? Kijani ya wanaoanza, buluu, nyekundu, hadi nyeusi ya wenye roho ngumu, zote ziteremke zikutane mahali pamoja. Kama hazikutani, hapo simpeleki mwenye familia. Watu hudhani kigezo hicho nimekisoma. Nimekipata kwa Baba, mtu ambaye hajawahi kuvuka kijani.

Baba alifanya kazi uwanja wa ndege, upande ambao abiria hauoni. Mabegi yakishapokewa kule juu hupita kwenye mikanda, halafu huporomoka kwenye mteremko wa bati laini, na chini ya mteremko husimama mtu wa kuyadaka na kuyapanga kwenye gari. Mtu huyo alikuwa Baba. Ukimuuliza kazi yake hakukwambia anapakia mizigo, alikwambia, "Mie napokea." Msimu wa baridi ukiingia alirudi nyumbani na habari za mabegi marefu, membamba, yaliyokuja mfululizo kama majeneza ya watu waliokonda. Alipojua ndani mna skii, hakuishiwa na maswali.

"Watu wamo kwenye baridi," alimwambia Mama, "wanapanda ndege kuifata baridi nyengine, na mbao juu. Lazima huko kuna kitu."

"Kuna wazimu," Mama akajibu, na kuendelea kupepeta mchele.

Mpunjabi mmoja aliyefanya naye kazi ndiye aliyetutia moto. Yeye alikuwa amekwenda na watoto wake kwa tiketi za wafanyakazi, na akampa Baba ramani ya mlima, karatasi kubwa yenye mikunjo. Baba akaitandika juu ya meza ya kulia baada ya Isha na kutangaza kwamba likizo ya Februari sote tutakwenda. Mama alisema anatutakia safari njema. Baba akamwambia safari haina wema kama yeye hayumo, na Mama, ambaye alikuwa mtu wa Mjini na akipenda kumtania mumewe kwa Upemba wake, akasema basi leo Wete imejua kubembeleza.

Ramani ilikuwa mlima mweupe uliochorwa mistari ya rangi. Nyeusi ilikuwa juu kabisa, karibu na mawingu. Chini yake nyekundu, kisha buluu, na kijani iko chini, imejikunja karibu na picha ya kikombe cha kahawa.

Msomaji asinicheke mapema. Nyumbani kwetu kila kitu kilikwenda kwa umri. Baba alinawa mwanzo, Mama wa pili, Nassor, halafu mimi na maji yaliyobaki. Mlangoni hukumpita mkubwa. Ngazi hizi hizi, ukimkuta mkubwa anataka kushuka, unajibanza ukutani atangulie. Hata chuoni, kwenye sebule ya Bi Zuhura alikotusomesha Kurani, waliofika mbali walikaa karibu na mwalimu na sisi wa alifu tukakaa mlangoni pamoja na viatu. Kwa hiyo nilipoiona ile ramani sikuona cha kufikiri. Nilikwenda kwenye mkebe wa cherehani wa Mama nikatoa vifungo, nikampanga kila mtu mahali pake.

"Baba huyu hapa, kwenye nyeusi," nikasema. "Mama nyekundu. Nassor buluu. Mimi kijani."

"Kwani mie niwe chini ya nani?" Baba akasema, akakitazama kifungo chake kwa ridhaa.

"Nyekundu sawa," Mama akasema, "lakini nakwambieni mapema, mie sipigi mbio."

Nassor, ambaye alikuwa ameshaanza kuota ndevu mbili tatu na kiburi chake, akainua macho kutoka kwenye kitabu. "That's not how it works. Ni kwa skili, ujuzi wa mtu."

"Skili na iwe," Mama akamwambia. "Mkubwa ni mkubwa tu."

Na mjadala ukaisha. Tulikuwa watu wanne wenye akili timamu, na tulimpangia nyeusi mtu ambaye hajawahi kuvaa hata viatu vya magurudumu.

Yule Mpunjabi alitushauri tujifunze kwanza. Zamani zile kulikuwa na kilima cha plastiki, mabasi mawili kutoka kwetu, ambako watu wa London walifundishwa skii bila theluji. Kilitandikwa mswaki mweupe, mgumu, kama brashi ya kusugulia sakafu iliyogeuzwa, na mabomba yakaurushia maji ili uteleze. Ukianguka unachunika, ndiyo maana ilikuwa lazima mikono mirefu, suruali nene na glovu. Mama alipoambiwa masharti hayo alikipenda kilima mara moja. Akasema tangu aingie nchi hii hajaona mchezo wa adabu kama huu, umefunikwa mpaka kucha. Akaweka kofia ngumu juu ya mtandio wake akawa tayari kabla yetu sote.

Mwalimu wetu alikuwa msichana wa Kiskoti aitwaye Kirsty, mwenye Kiingereza ambacho Baba alikijibu kwa kutikisa kichwa tu. Alitutaka tuteremke mmoja mmoja sehemu ya chini, apime. Mkubwa akatangulia, kama kawaida. Baba alisema bismillahi, akainama, akageuka kinyume, akashuka kwa mgongo akituaga kwa mikono yote miwili, na kusimamishwa na uzio. Mama alikaa kitako kabla ya kuanza na akateremka hivyo hivyo, kwa utulivu, mtandio haukusogea. Nassor alijikaza kisabuni, akafika.

Kisha mimi. Sijui niseme nini isipokuwa ukweli: mwili wangu ulijua. Nilizielekeza mbao chini, upepo ukanipiga usoni, na nikahisi kwamba kila hatua niliyowahi kupiga maishani mwangu ilikuwa ya kupoteza muda. Kirsty akanipandisha sehemu ya katikati. Kabla siku haijaisha alikuwa ameniweka juu kabisa, na watoto wa Kiingereza waliozaliwa na skii miguuni.

Hapo ndipo furaha ilipoingia doa. Nikiwa kule juu nilitazama chini, nikaiona kofia ya Baba ya kazini, ya rangi ya chungwa, katikati ya watoto wadogo kabisa kando ya mkahawa. Nikampungia mkono. Hakunipungia. Alikuwa amesimama ananitazama, kiganja mdomoni. Na kwenye basi la kurudi, mtu ambaye kwa kawaida huwatania abiria wote mpaka Hounslow hakusema neno.

Nilikaa nyuma yake nikiangalia shingo yake na nikajua. Mimi, kitindamimba, wa alifu, nimekaa juu ya baba yangu mbele za watu. Nimempita mlangoni. Ameudhika na hawezi kusema, kwa sababu anayetakiwa kujua adabu yake ni mimi.

Jumapili iliyofuata nikaanza kuanguka. Nilianguka kona ya kwanza, nikaanguka nikipanda na kamba ya kuvutia watu juu, nikaanguka hata nimesimama. Kirsty alinipa moyo, kisha alinishangaa, kisha akaniteremsha kwa Nassor. Wiki nyingine akaniteremsha uwanja wa wadogo, karibu na Baba na Mama, ambako tulizungushwa kwenye vikoni vya plastiki tukiimbishwa. Viwiko vilinichunika, Mama akanipaka mafuta ya nazi kila usiku akilaani mswaki wa Wazungu. Adabu ilikuwa imerudi mahali pake. Na mimi nilikuwa na huzuni kubwa kuliko zote nilizowahi kuwa nazo, kwa sababu nilikuwa nimeshaonja kule juu. Kila niliposikia mbao zikivuma kutoka kileleni niligeuza uso nisitazame.

Ikafika Jumapili ya mwisho. Kirsty alitwambia kwamba siku hiyo atampa kila mtu rangi yake, na ndiyo tutakayoandikishiwa masomo ya wiki nzima mlimani. Nilifahamu maana yake. Nikianguka leo, mlima wa kweli, wa theluji ya kweli, nitauona kutoka kwenye kikombe cha kahawa.

Wakati wa mapumziko Baba aliwatuma Mama na Nassor wakanunue chipsi. Akanimiminia chai ya chupa tuliyotoka nayo nyumbani, yenye iliki.

"Rukia," akasema. "Wewe huanguki. Unajiangusha."

Nikaitazama chai.

"Mie kutwa naangalia vitu vinavyoporomoka. Begi lililoanguka lenyewe nalijua, na lililosukumwa nalijua. Haya, nambie. Nani kakukera huko juu?"

Mambo mazito nilikuwa nikiyasema kwa Kiingereza, na yeye akinijibu kwa lugha yake. "No one. It's just rude, Baba."

"Rude nini? Utovu wa adabu gani?"

"Me up there. And you here, with the babies. You stopped talking to me. You're cross."

Baba alinitazama kama mtu aliyeletewa mzigo usio wake. Kisha alivua ile kofia ya chungwa, akaiweka juu ya goti, akaipapasa.

"Hasira?" akasema. "Mie? Loo, mwanangu." Akanisogelea. "Siku ile nilivokuona kule juu niliingiwa na khofu. Khofu tupu. Nikasema, yule kafika pahala ambapo mie sifiki. Akianguka pale, nani wa kumuokota? Miguu yangu hii hata uzio unaishinda. Ndo nikanyamaza. Na nyumbani sikusema kwa sababu mama yako angeifuta safari siku ile ile."

"So you're not cross?"

"Sikiliza. Kazini kwangu mie nasimama wapi?"

"Down."

"Chini. Na mabegi yanatoka wapi? Juu. Miaka yote hii yanatoka juu yanakuja chini kwangu. Lini umenisikia nkisema begi limenivunjia heshima?" Akaivaa kofia tena, akaishusha mpaka masikioni. "Panda. Mie ntasimama chini. Wewe kazi yako teremka tu, kupokea niachie mie."

Nilipanda na ile kamba bila kuanguka. Kirsty aliponiona juu alifungua mdomo, nikamwambia kwamba leo siumwi, jambo ambalo hakuniuliza. Chini, Baba alikuwa amevua skii zake, amesimama na soksi zake nene juu ya ule mswaki uliolowa, miguu ameitanua, mikono mbele, kama alivyosimama kila siku ya kazi yake. Nilimwona vizuri sana. Na kwa mara ya kwanza tangu tufike kwenye kilima kile sikuwaza nani yuko juu ya nani. Niliona mtu amesimama mahali pake ananisubiri.

Niliteremka. Sikuiacha hata kona moja. Nilishuka nikicheka kwa sauti, glovu zimelowa, macho yananitoka machozi kwa upepo, na kofia ya chungwa ikikua, ikikua. Kusimama nilijua kusimama, lakini sikusimama. Nilimwingia Baba kifuani na sote wawili tukaenda mpaka kwenye uzio.

"Limefika!" Baba akapiga kelele, chali, na mimi juu yake. "Zima, halikupasuka!"

"Huyu baba na huyu mwana," Mama akasema, sahani za chipsi mikononi, "nimeletewa wanitie maradhi ya moyo."

Kirsty alinipa nyekundu. Nassor akapewa buluu, na Baba na Mama kijani, pamoja na ushauri kwamba wasifanye haraka kuiacha. Usiku ule Baba aliitandika tena ramani, akavikusanya vifungo vyote akavirudisha katika mkebe. Kisha akashika mstari mwekundu kwa kidole akashuka nao. Upande tuliokuwa tumeuchagua mwanzo, nyekundu ilimwagikia bonde jingine kabisa, mbali na kijani. Akasema upande huo hatuutaki hata uwe mzuri vipi. Akahamia upande wa pili, akashusha nyekundu, akashusha buluu, akashusha kijani, na zote tatu zikamfikisha pale penye kikombe cha kahawa. Akakibonyeza kidole chake hapo.

"Hapa," akasema. "Mie ntakuwa hapa."

Na alikuwa hapo, wiki nzima. Asubuhi alifanya kijani yake na Mama, wakianguka kwa zamu na kusameheana. Mchana alivua mbao, akasimama pale njia zinapokutana, na kila nilipotokea kwenye kona ya mwisho ya nyekundu niliitafuta chungwa kabla ya kutafuta kitu kingine chochote. Wakati mwingine hakuwa hata ananitazama, alikuwa akibishana na Mama kuhusu chai ya Wazungu. Ilinitosha. Nadhani tangu pale sijaogopa kitu kikubwa sana maishani, si shule, si kazi, si ndoa wala kuachika. Watu huniambia nina moyo mgumu. Sina. Nilijua tu chini kuna mtu.

Basi nilikuwa nimesimama chini ya ngazi, na sahani mkononi, na zile glovu zikinuka kondoo. Sahani nikairudisha mezani. Nikaondoa makoti kwenye kiti chake.

Nilipanda nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, kanzu yake nyeupe, fulana ya sufi juu yake. Nikamwambia leo chakula kiko chini. Akaniambia hajisikii na njaa. Nikamwambia hayo mengine atayasema chini. Nilimshika mkono tukaenda mpaka juu ya ngazi, na hapo mguu wake ukagoma. Akakamata mbao ya kushikia kwa mikono miwili. Nilisikia anavyopumua.

Kwa mazoea yangu yote nilijibanza ukutani nimpishe atangulie. Ndivyo nilivyolelewa. Nikamwona anatazama chini, na chini hapakuwa na mtu.

Basi nikampita. Nilimpita baba yangu, mkubwa wangu, mbele ya macho yake, nikashuka mpaka nusu ya ngazi, nikageuka, nikatanua miguu, nikanyoosha mikono mbele.

Aliitazama mikono yangu. Kisha uso wake ukafunguka, jambo nililokuwa sijaliona tangu tumzike Mama.

"Hii nyeusi hii, Rukia," akasema.

"Ndiyo," nikamwambia. "Nyeusi ni ya mkubwa wa nyumba. Teremka, Baba, mie napokea."

Akacheka mpaka mabega yakamtikisika. Halafu akaachia mkono mmoja, akaushusha mguu wake wa kwanza.